Umejaribu Nini Mpaka Sasa?

Foleni ya duka la vipuri ilikuwa haisogei, kwa hiyo mwanamume mmoja mwenye miwani aliendelea na kazi yake nyingine. Mkono wa kushoto ulishika kapasita ya friji iliyovimba, aliyoileta ili amwonyeshe muuzaji. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kinafuta salamu kwenye simu.

Alikuwa fundi friji, na mwaka huo alikuwa pia msimamizi wa jukwaa la mtandaoni ambako watu walileta maswali kuhusu vyombo vya nyumbani vilivyoharibika, na wenye ujuzi wakawajibu bure. Humo walimwita Barafu. Jukwaa lilikuwa na sheria chache. Salamu zikatwe, ili anayetafuta jibu alipate upesi. Swali la maoni lifungwe. Anayeuliza aeleze kwanza amejaribu nini. Aliyesaidika alirudie jibu lililomfaa, aliwekee tiki. Barafu hakuwa mkali. Ila ufundi wake alijifunza peke yake, kwa kusoma majibu ya watu asiowajua, na aliikumbuka adha ya kupita aya nzima za "natumaini hamjambo" huku nyama ya mteja inachuruza maji sakafuni.

Swali lililokuwa mbele yake lilianza hivi: "Habari zenu wapendwa, poleni na majukumu, natumaini mko salama pamoja na familia zenu, mimi mwenzenu namshukuru Mungu." Alikata yote mpaka kwenye "Cherehani yangu inaruka mishono." Akahifadhi.

Simu ya mwanamke aliyekuwa mbele yake kwenye foleni ikalia.

"Wameshanikata," mwanamke akasema, bila kumwambia mtu yeyote. Alivaa gauni la rangi ya haradali lenye mifuko mikubwa, na futi ya kupimia ilining'inia shingoni kama iliyosahauliwa. "Salamu yangu yote. Hata pole hawaitaki. Watu gani hawa?"

Barafu aliangalia simu yake, akaangalia ya mwanamke. Angeweza kunyamaza.

"Ni mimi," akasema.

"Ni wewe nini?"

"Niliyekata."

Mwanamke aligeuka mzima mzima, akamtazama kuanzia viatu mpaka kapasita. "Wewe ndiye Barafu?"

"Ndimi."

"Mimi nilifikiri ni kizee fulani chenye miwani, kinaishi na paka."

"Miwani ninayo. Paka sina."

"Basi shikamoo, Barafu. Hii nayo ikate, nione."

"Marahaba," akajibu kabla hajafikiri, na watu nyuma yao wakacheka.

Walitoka dukani pamoja. Jioni hiyo mwanachama mmoja alimweleza mwanamke kwamba ndoano ya chini ya cherehani yake imesogea. Aliirudisha mahali pake, mishono ikatulia, naye akarudi jukwaani kuweka tiki. Chini yake akaandika: "Imepona. Salamu kwa wote, hasa kwa mkasi wa Barafu."

Msimamizi mwenzake, mjane aliyetengeneza pasi na birika na kujulikana kwa jina la Mama Pasi, alimpigia simu.

"Naona kuna salamu moja imesalimika."

"Itakuwa imenipita, mama."

"Haijakupita, mwanangu. Nakujua."

Mwanamke naye akaanza kujibu maswali ya cherehani. Akajiita Uzi Mweusi, kwa kuwa sindano yake haikukosa uzi huo. Barafu akawa anapita kwenye chumba chake cha kushonea, ghorofani juu ya duka la rangi za kuta, anakaa kwenye kigoda na simu yake, anafunga maswali huku mwanamke anashona. Alimtengenezea feni iliyokuwa inakoroma. Alimfungia taa ndogo karibu na sindano, bila kuombwa. Uzi Mweusi akamshonea shati la bluu, akampigia simu kila asubuhi.

"Umeamkaje, laazizi?"

"Salama."

"Neno moja zima. Leo umechangamka."

"Na wewe je?"

"Matatu! Ngoja nikae chini."

Alikuwa anamtania, lakini siku nyingine, baada ya simu, alibaki ameshika chaki akiwaza. Feni aliiona. Taa aliiona. Alichotaka ni kusikia pia.

Siku moja Uzi Mweusi alipopiga simu wakati usio wake, Barafu alikuwa ameingiza kichwa na mabega ndani ya chumba cha baridi cha bucha.

"Wamenipa ile kazi," akasema.

"Ipi?"

"Ya kule kwenye kiwanda cha sare. Kusimamia chumba kizima cha ushonaji. Mwaka mmoja kwanza, halafu tutaona. Wanataka jibu Jumatatu."

"Hongera."

Uzi Mweusi akasubiri aongeze neno.

"Wewe unaonaje? Niende au nibaki?"

Alilichukua swali hilo kama alivyochukua kila swali, kwa uzito wake. Alitoa kichwa kwenye baridi, akafuta mikono, akampangia. Mshahara ulikuwa mzuri. Uzoefu hakuna atakayemnyang'anya. Mama yake na goti lake bovu angebaki na kaka. Mji wenye kiwanda ni nusu siku kwa basi.

"Hayo nayajua, mpenzi. Nimekuuliza wewe unaonaje."

"Hilo sasa ni swali la maoni," Barafu akasema kwa upole, kama alivyosema kila siku kwa watu wengi. "Sipendi nikupotoshe."

Upande wa pili cherehani ilinyamaza.

"Sawa. Umelifunga."

"Sijalifunga, ila..."

"Hapana, umejibu vizuri. Nakuwekea tiki."

Akakata simu.

Barafu aliamini ametenda haki. Mtu akipima maisha yake, mwingine asiweke mkono kwenye mizani. Uzi Mweusi naye aliamini kwamba mwanamume asiyesema baki, hana shida ukienda. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Tangu hapo simu ya asubuhi haikuja. Barafu alipomwandikia, alijibiwa: "Niko sawa." Mara nyingine: "Nina kazi." Yeye aliyemsalimia hata mpita njia, sasa alimwandikia bila salamu. Barafu alisoma ujumbe huo mfupi, mnyoofu, wa kufuata sheria zote, akahisi kama mtu aliyefungua mlango akakuta chumba kimehamwa.

Jumamosi alikaa kwenye karakana yake kati ya milango ya friji, akafungua jukwaa. Alikuwa amejibu maswali mengi kuliko mwanachama yeyote, lakini hakuwahi kuuliza hata moja. Akaandika: "Mtu unayempenda akikuuliza aende au abaki, ukampa hesabu badala ya neno, unarekebishaje?" Alijua kwamba swali hilo si la chombo chochote, na lingekuja kwa mwingine angelifunga kabla hajameza mate. Akaendelea hivyo hivyo.

Chini yake palikuwa na kisanduku alichokipigania mwenyewe kwenye kikao cha wasimamizi: *Umejaribu nini mpaka sasa?*

Akaandika, "Bado."

Maandishi mekundu yakatokea: *Maelezo hayatoshi. Tafadhali eleza ulichojaribu.*

Akaandika, "Sijajaribu kitu."

*Maelezo hayatoshi.*

Angeweza kuongeza nukta nukta mpaka kisanduku kiridhike. Hila hiyo aliijua, na aliwahi kuwaonya watu kwa ajili yake. Mkono ulibaki juu ya simu. Ni watu wangapi aliowarudisha kwa maneno yale yale: nenda ukajaribu kwanza, ndugu, ukishindwa njoo. Hakuna aliyekufa. Wengi hawakurudi kabisa, maana walipojaribu, kitu kilipona.

Akampigia Mama Pasi.

"Shikamoo, mama. Umeshindaje? Miguu inaendeleaje?"

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hakuna. Naomba unishikie foleni ya maswali leo."

"Unaumwa?"

"Hapana. Kuna kitu sijakijaribu."

"Ni huyo Uzi Mweusi," Mama Pasi akasema. "Siku hizi anajibu watu kwa mstari mmoja kama wewe. Nikajua hapa pana moshi. Nenda. Na uvae shati la maana, usimwendee na hilo ovaroli la grisi."

Alivaa shati la bluu. Duka la rangi lilikuwa linafunga mlango mmoja alipopanda ngazi. Ghorofani, feni ilizunguka kimya kama alivyoiacha. Uzi Mweusi, katika gauni la kijivu lililokunjwa mikono, alikuwa anashona mashati ya walinzi. Yaliyokwisha yalitundikwa ukutani. Yasiyo na kola yalirundikwa mezani. Hakuinua macho.

"Hodi."

"Pita."

"Habari za kazi?"

"Nzuri."

"Na za tangu siku ile?"

"Nzuri tu."

"Mama hajambo? Goti lake?"

"Hajambo. Linamsumbua jioni."

"Na kaka na watoto?"

"Hawajambo wote."

"Na cherehani?"

Mguu wake uliacha kukanyaga. "Barafu. Swali lako liko wapi? Wewe si mtu wa moja kwa moja?"

"Sina swali. Nina maoni."

"Maoni hayana jibu."

"Ndiyo maana nimeyaleta mwenyewe." Alisimama karibu na meza ya pasi, akashika ncha yake. "Sitaki uende. Siku hizi nafungua friji za watu nasahau nilikuwa natafuta nini. Nilikupa hesabu kwa sababu niliogopa. Nikisema baki, ukabaki, halafu siku moja utaniangalia ukikifikiria kile kiwanda. Ulikuwa woga. Nikauvisha sheria."

Uzi Mweusi alikata uzi kwa meno, polepole.

"Kwa hiyo unaniambia nisiende."

"Nakwambia sitaki. Kwenda ni kwako."

"Nitakwenda," akasema. "Kazi naitaka, kipenzi. Nataka chumba kilichojaa cherehani na mimi ndiye ninayepita katikati. Sikuuliza ili unizuie. Nilitaka kujua kama kuna mtu ninayemwacha huku, au ninaacha chumba na feni."

"Kuna mtu."

"Sasa nimesikia."

Alimsogezea kigoda kwa mguu. Barafu akakaa. Bila kuulizana, akachukua kola iliyoshonwa kinyume, akaanza kuigeuza, akichokoa pembe kwa kijiti kama alivyofundishwa.

"Friji huharibika hata kule," akasema baada ya muda. "Nitakuwa nakuja."

"Njoo na vifaa vyako, usinijie mikono mitupu."

"Na kabla hujaondoka nataka nije nyumbani, nizungumze na mama. Nataka tuoane. Utakubali?"

"Hilo sasa ni swali?"

"Ni swali."

Alimgeukia. Uso ulikuwa mkavu, lakini sauti ilikuwa inacheka tayari. "Umejaribu nini mpaka sasa?"

Barafu alifikiri, maana alikuwa mtu wa kufikiri.

"Salamu," akasema. "Nimeanza na salamu."

Uzi Mweusi alicheka mpaka akaegemea cherehani. Kisha akavua futi shingoni, akampitishia kifuani juu ya shati lile la bluu, akasoma, akatikisa kichwa. "Umekonda. Kesho mchana njoo nyumbani. Mama yangu atakusalimia mpaka amalize ukoo wako wote, wazima na marehemu. Ole wako ukate hata neno."

Simu ya Barafu ikalia. Ilikuwa Mama Pasi.

"Foleni imejaa huku, mwanangu. Kuna mtu anauliza kuhusu friji, na mimi friji sizijui."

"Mwambie nitamjibu kesho, mama. Na salamu yake iache."

Nje taa za barabarani zilikuwa zimewaka. Uzi Mweusi alifunika cherehani kwa kitambaa chake, akazima ile taa ndogo karibu na sindano. Barafu bado alikuwa na kola mkononi, pembe moja imetoka, nyingine bado.

"Iache hapo hapo na kijiti chake," akamwambia. "Kesho asubuhi, kabla hatujaenda kwa mama, utaanzia hiyo."