Mwenye Presha ni Mimi

Jamani, nawasimulia habari za Fundi Makochi, mtu wa presha. Mnamjua. Kila mtaa una wake.

Jioni moja nyumba yake ilikuwa imetulia raha mustarehe. Mkewe na binti yao walikuwa mkekani wakichambua maharage, wakimcheka jirani aliyevaa wigi nyuma mbele, hadi wanashika mbavu. Mara komeo la geti likalia, ka! Kicheko kikakatika. Mama akaweka mkono kifuani.

"Mama, moyo tena?"

"Unakwenda mbio tu, utatulia. Lete kipimo cha baba yako kabla hajakasirika."

Ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba ile: Fundi ana presha, asiudhiwe. Chumvi ikizidi, "Mnataka kuniua!" Binti akichelewa, "Presha yangu hiyo inapanda!" Mkewe ndiye aliyempima kila jioni, jasho jembamba likimtoka. Mkono wake mwenyewe haukuwahi kuvikwa kipimo kile. Nani angekumbuka? Mgonjwa wa nyumba alikuwa mmoja, tena mwenye sauti kubwa.

Fundi aliingia amefura.

"Nani kachukua mkasi wangu wa vitambaa? Nauliza! Mna masikio au matundu?"

"Baba watoto, labda umeuacha kazini..."

"Unanibishia? Mimi mgonjwa, unanibishia?" Akaupiga teke ungo, maharage yakatapakaa sakafuni.

Mkewe akainama kuyaokota. Hakuinuka.

Hospitalini daktari aliwaita pembeni. "Moyo wa mama umetanuka. Hii ni presha ya miaka mingi. Alikuwa anatumia dawa gani?"

"Hapana, daktari," akasema Fundi. "Mwenye presha ni mimi."

Daktari akamtazama, kisha akamweleza taratibu. Mtu akiogopa, tezi ndogo zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo hupiga kwa nguvu, mishipa hubana, mtu apate kukimbia hatari. Hatari ikipita, mwili hutulia. Lakini mwenye presha akitiwa hofu kila siku, moyo wake hubebeshwa mzigo juu ya mzigo.

"Mzee, huyu mama alikuwa anaogopa nini?"

Fundi akageuka. Binti yake alikuwa anamtazama.

Mkewe hakuamka tena. Mkasi ulionekana siku ya maziko, ndani ya begi la kazi la Fundi mwenyewe. Masikini, laiti angelifungua kwanza!

Siku hizi Fundi analisogeza komeo la geti kwa vidole viwili, lisilie. Haisaidii. Binti yake akimsikia tu, anaacha alichoshika na kuweka mkono kifuani. Fundi anaona, analia peke yake huko nje.

Funzo

Ndugu zangu, hasira yako haiishii kooni mwako. Inaingia kwenye damu ya unayemfokea, inausukuma moyo wake, naye anaokota maharage kimya kimya. Kapimeni presha nyumba nzima, na msimsahau yule asiyelalamika. Ugonjwa wako usiufanye fimbo. Na ukifika kwako ukasikia vicheko vinakatika, usijisifu kwamba unaheshimiwa. Unaogopwa, na kuna moyo humo ndani unaolipa.