Kengele Hakuwa Mwizi

Kila alasiri, nguo zikishaanikwa, Bibi aliketi kando ya cherehani ya binti yake na kusimulia habari za mgomo wa kiwanda cha nguo alikofanya kazi ujanani. Binti yake alikuwa fundi wa kushona. Alikanyaga cherehani huku akisikiliza kwa sikio moja. Hadithi hiyo aliijua tangu ana meno ya utoto.

Lakini siku hizi Bibi alichanganya mambo. Leo mgomo ulitokea wakati wa mvua, kesho wakati wa jua kali. Fundi akawa anamkatiza. "Mama, jana hukusema hivyo."

Bibi akainuka, akaenda kuanua nguo. Siku zikapita, hasimulii tena.

Jirani yao alikuwa mama mmoja aliyestaafu kazi ya makumbusho. Alipokuja kuchukua sketi yake, aliuliza mbona nyumba imepoa. Fundi akamweleza. Jirani akavuta kigoda.

"Mwenzangu, mzee hakumbuki kwa kusutwa," alisema. "Usianze na tarehe. Muulize alivaa nini, alisikia nini, nani alikuwa kando yake. Kisha msubiri. Na simu yako hiyo si ya kupigia tu. Rekodi sauti yake, kwa ridhaa yake."

Fundi akauliza kama mambo yasipolingana, afute. Jirani akakataa. Alimwambia amtafute mwingine aliyekuwepo, amuulize peke yake. Maneno ya watu wawili yakikutana, hapo pana pa kushika.

"Lakini sisi ni akina nani hata tuwekwe kwenye historia?" Fundi aliuliza.

"Na wale wa kiwandani walikuwa akina nani?"

Kesho yake Fundi alizima redio. Akamwomba mama yake ruhusa, akaweka simu juu ya kitambaa kilichokunjwa. Akamuuliza walivaa nini kazini.

Bibi akatabasamu. Walijifunga vilemba, kwa sababu pamba iliruka hewani na kuwaganda nywele kama mvi. Vijana wote walionekana vikongwe, wakachekana. Milango ilifungwa kwa nje mpaka jioni. Siku moja mwenzao alizimia kwa joto, na mlango haukufunguliwa. Ndipo mwanamke waliyemwita Kengele, kwa sababu ya sauti yake kubwa, alipozima mashine yake. Wa pili akazima, wa tatu akazima, mpaka kiwanda kizima kikatulia.

"Tukasikia pumzi zetu wenyewe," alisema Bibi.

Walikaa chini, wakagoma. Habari zikafika mjini. Wachukuzi wakatua mizigo, wauza mikate wakafunga maduka, watu wakajaa nje ya kiwanda wakipitisha maji madirishani. Mwishowe milango ikafunguliwa, na haikufungwa tena. Lakini Kengele alifukuzwa. Ofisi ikatangaza kwamba aliiba jora la kitambaa.

Fundi alitaka kuuliza, akajizuia. Akasubiri. Bibi akaendelea mwenyewe.

"Siku wanayosema aliiba, alikuwa kwangu. Alinishika mkono tangu asubuhi, nakuzaa wewe."

Jambo hilo Fundi hakuwahi kulisikia. Alikwenda kwa mzee aliyekuwa fundi mitambo wa kiwanda, akamrekodi kwa ridhaa yake na kumuuliza bila kumwambia ya Bibi. Mzee akakumbuka mwenyewe kwamba siku ya jora lile, Kengele hakufika kazini. Aliambiwa yuko kwa mwenzake mwenye uchungu wa kuzaa.

Binti wa marehemu Kengele alikuwa muuza mkaa wa mtaa huohuo. Alikua akiitwa mtoto wa mwizi, akajifunza kutojibu. Fundi alimwita, akamsikilizisha sauti zote mbili. Mama wa mkaa alisikiliza ameinama, mikono yake myeusi magotini. Akaomba airudie. Ilipokwisha, alijifuta uso kwa upande wa khanga.

"Kesho nitakuja na wanangu," alisema. "Nao wameitwa wajukuu wa mwizi."

Jirani aliwasaidia kuweka nakala ya sauti hizo makumbusho na nyingine maktaba, simu isije ikapotea na maneno yake.

Watoto walikuja wamevaa nguo zao nzuri. Waliketi mkekani mbele ya Bibi. Aliyekuwa mkubwa akauliza kama bibi yao alikuwa mrefu.

"Mfupi," alisema Bibi. "Siku ya mgomo ilibidi apande juu ya benchi ndipo tumwone."