Mshipi Uliobaki Bwawani

Asubuhi hiyo Kasuku alikohoa, akatia vidole mdomoni, akavuta kitu.

"Mama, nywele," alisema.

Haikuwa nywele. Ulikuwa uzi wa plastiki, mwembamba, wa kijani, na kila mama yake alipouvuta uliendelea kuja, umelowa, unanuka matope na samaki aliyelala juani. Ulipokwisha, mtoto akacheka na kurudi kwenye chai yake. Alikuwa binti wa miaka sita mwenye mdomo usiojua likizo, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Kasuku. Mama aliuviringa ule uzi, akamsubiri mumewe atoke bafuni.

"Baba Kasuku, hii mishipi yako ya kuvulia unaiacha wapi? Mtoto ameimeza!"

"Hapa? Hata kidogo. Mimi takataka za bwawani siji nazo nyumbani, unanijua."

Kweli alijulikana. Huyu bwana alikuwa fundi friji, na kwa usafi alikuwa anakera. Mlangoni kwake hupiti na viatu. Karakanani skrubu zimepangwa kwa ukubwa, na ole wako uziguse. Lakini Jumapili, akifika bwawani na ndoana zake, ungedhani alizaliwa jalalani. Makopo ya chambo hapa, chupa pale, mifuko kule, na mshipi ukijifunga anaukata na kuutupa majanini, ndoana na yote. "Bwawa lina mwenyewe?" alikuwa akiuliza, na wenzake wanaangua kicheko. Mtu mzima na ndevu zake!

Siku hiyo hiyo mchana, karakanani, alifungua friji ya mteja iliyokuwa imekaa wiki nzima bila umeme, na ndani, badala ya ule ubaridi wa harufu ya mpira aliouzoea, akakutana na minyoo ya chambo, mizima, inajinyonganyonga kwenye rafu ya juu kuzunguka kopo alilolijua vizuri sana, kwa sababu alilikata mdomo mwenyewe kwa koleo na kulitupa mwenyewe kando ya bwawa, na kule nyuma, kwenye mota ambayo haikuunganishwa na waya wowote, kitu kidogo kilikuwa kinalia, kwa sauti ya chini, kama kitoto kichanga kilicholia mpaka kikachoka na bado hakijachukuliwa.

Akaufunga mlango wa friji, akawasha redio kwa sauti kubwa, akajifanya hamnazo. Hapo ndipo ninapomchukia. Aliitwa, akasikia, akaongeza redio.

Jioni Kasuku alinyamaza. Kwanza mama alishukuru, akidhani ni uchovu wa michezo. Kisha akamwona mtoto anafungua mdomo, anajitahidi, na hakitoki kitu. Shingoni palikuwa na mstari mwekundu, mwembamba, umezunguka pande zote. Zahanati walimulika koo, wakampa dawa ya mafua. Kesho yake mstari ulikuwa umezama kwenye ngozi, na mtoto anavuta pumzi kwa mluzi.

"Mwanangu anakufa," mama alimnong'oneza mumewe. "Wewe unajua kitu. Macho yako yananiambia unajua kitu."

Jirani ndiye aliyesema waitwe watu wanaojua mambo ya mashetani na majini, akamwita muuza mayai wa mtaa wa nyuma. Mwanamke huyo alikuja na trei zake mkononi, amenuna, akaziweka mezani kwa uangalifu zaidi kuliko alivyomshika mgonjwa. Alimnyunyizia Kasuku maji usoni, akamwinamia.

"Nani yuko humo?"

Midomo ya mtoto ikafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mzima, aliyechoka.

"Mama."

"Mama wa nani?"

"Wa yule aliyefungwa. Alikuwa anacheza majanini. Huyu baba alitupa uzi wake, mwanangu akaingia humo. Uzi umemkaba shingo, umemfunga mikono. Una ndoana, na sisi majini chuma hatukigusi. Nimemletea huyu taka zake azitambue. Nimemlilia kazini kwake. Akafunga mlango."

Mke alimgeukia mumewe taratibu. Fundi friji alitazama sakafu.

"Unataka nini?" muuza mayai aliuliza.

"Aje amfungue, kwa vidole. Uzi umeshaingia kwenye nyama. Ukikatwa, naye anakatika. Wangu akitoka mzima, wake namwacha mzima."

"Umesikia?" muuza mayai alimwambia fundi. "Fundo moja moja. Nenda, acha kisu nyumbani."

Alikwenda mbio. Ilikuwa Jumapili na wenzake walikuwa wameshajipanga ukingoni na ndoana zao. "He, leo umeajiriwa kuzoa taka?" mmoja alimtania, na chupa tupu ikamviringikia miguuni. Alifuata kile kilio mpaka kwenye majani, akakuta bonge la mshipi wa kijani, wake. Kwa macho halikuwa na kitu ndani. Lakini alipolipakata lilikuwa zito, lina joto, na lilikuwa linapumua.

Sasa, fundi alikuwa na fundo lake la kujivunia, ambalo likilowa linazidi kukaza. Alilifunga kila mahali, kwenye kila ndoana. Akaanza kuyafungua mafundo hayo. Kucha zilivunjika, ndoana zikamchoma, uzi ukamkata vidole mpaka damu ikaulainisha na kuufanya uteleze, na kila fundo lilipolegea kile kitu kilivuta pumzi kidogo zaidi, kilio kikawa kwikwi, kwikwi ikawa mguno wa mtoto anayebembelezwa, na mkono mdogo usioonekana ukajichomoa, ukatafuta, ukashika kidole gumba chake, ukang'ang'ania.

"Tulia, baba, tulia," alinong'ona. "Tunamaliza."

Jua likaanza kushuka. Likabaki fundo moja, la shingoni. Na hapo akafanya kile ambacho kila mvuvi wa ndoana hufanya mkono mmoja ukiwa umeshikwa, bila kufikiri, kama unavyofukuza nzi. Aliinama, akakata uzi kwa meno.

Kile kijikono kwenye gumba lake kikalegea.

"Hapana," alisema. "Hapana, hapana, jamani, hapana." Mdomoni alikuwa na ladha ya chumvi, ya moto. Bonge lilikuwa jepesi na baridi. Wenzake walikuwa wanakunja vitu vyao, na mmoja akamuuliza kama kuna nyoka.

Alikimbia mpaka nyumbani. Kasuku alikuwa amesimama mlangoni, nywele zimechanwa, shingo laini. Mama yake alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

"Amepona! Mume wangu, anaongea!"

Mtoto akamkumbatia baba yake shingoni, akamwekea mdomo sikioni.

"Nilisikia ulipouma," ile sauti iliyochoka ilisema. "Wangu hayupo. Basi mimi nitakaa hapa na huyu mama, ananipenda. Wako nimemweka bwawani, kwenye nyuzi zenu. Yu hai. Mtafute."

Alimwambia mkewe. Mkewe alimpiga kofi: mtoto amepona halafu baba anamkana! Muuza mayai naye alisimama uani, akamtazama yule binti anavyoruka kamba, akarudi kinyumenyume. "Nilikwambia vidole," alisema, na hakuonekana tena katika mtaa ule.

Karakana ikafungwa. Kila siku fundi friji alikuwa ukingoni, anafungua mabonge ya mishipi. Akisikia "baba" kwenye bonge hili, akilifungua, sauti inaita kutoka jingine. Na Jumapili wageni walikuja na ndoana zao, wakaacha mengine mapya. Wengine walimwita kwa upole, "Mzee, na hizi chukua," wakamrushia chupa.

Mchana mmoja alimpata. Chini ya jiwe, kwenye bonge dogo lenye joto, Kasuku wake alikuwa anaongea bila kupumzika: kwamba humo mnabana, kwamba kiatu kimoja kimepotea, kwamba mbona baba amechelewa, au amesahau njia? Fundi alilia huku anafungua. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, vimevimba, lakini mafundo yalikuwa yanakubali.

"Chakula hiki," mkewe alisema nyuma yake. Alikuwa amesimama na bakuli lenye kifuniko, na binti yupo pembeni, amevaa soksi nyeupe.

Binti alichuchumaa mbele ya fundi. Akamtazama machoni, kwa utulivu. Akaweka mkono wa Kasuku, mkono wa binadamu usioogopa chuma chochote, juu ya lile bonge, akalitoa kwenye vidole visivyoweza kushika, akasimama, akalirusha kwa nguvu zote katikati ya bwawa.

Sauti, ambayo mkewe hakuisikia, iliita "baba" njia nzima hewani, kisha maji yakaifunika.

"Umeona?" mkewe alisema, machozi yakimlengalenga. "Hata mtoto anakuonea huruma. Twende nyumbani."