Mchezaji wa Pili

Haya yalimpata Mwajabu, binti wa marehemu Bi Somoe, wale waliokaa nasi ukuta kwa ukuta Tabata kabla hawajahamia Chanika. Jumapili ile alifua, akaanika, akapika wali na mchicha wa mtu mmoja, akala. Kisha akajitupa kwenye kochi na kuwasha gemu. Tangu mama yake afariki, nyumba ilikuwa kubwa mno kwake. Jirani wa karibu yuko ng'ambo ya shamba la mihogo, na siku nzima ingeweza kupita asiseme neno na mtu.

Gemu lenyewe ni la watu wawili. Mmoja anashikilia mlango mzito, mwenziwe anapita, wanasaidiana hivyo mpaka watoke kwenye jumba bovu. Mwanzoni alicheza na watu wa mtandaoni, lakini wakisikia tu sauti ya kike, basi. "Sista, nenda kapike!" Mmoja alimwacha mlangoni makusudi, akacheka mpaka akapaliwa. Mwajabu alilia siku ile. Akazima mtandao, akawa anacheza peke yake, na gemu likampa mwenza wa kompyuta, jitu bubu linalomfuata nyuma kama mkokoteni. Halikumtukana, lakini halikumsemesha pia, na upweke ukabaki palepale.

Mchana ule, Mwajabu aliingia chumba kimoja cha lile jumba la kwenye gemu, mwenza akabaki nje ya mlango. Akabonyeza kitufe cha kumwita. Hakuja. Akabonyeza tena. Ndipo kwenye hedifoni ikaja sauti ya chini, ya mtu aliyechoka na safari.

"Hodi."

Bi Somoe, Mungu amrehemu, alimlea binti yake vizuri. Kwao hodi haikuachwa bila jibu, hata kama mikono imejaa unga. Mdomo ukatangulia akili.

"Karibu."

Mwenza akaingia.

Na tuseme ukweli, Mwajabu alifurahi. Alidhani watengenezaji wameliboresha gemu lao. Mwenza sasa alishika milango kabla hajaombwa. Mwajabu alipotumbukia shimoni kizembe, alicheka, na kwenye hedifoni mwenza naye akacheka, taratibu.

"Kumbe na wewe unajua kucheka?" akamtania. Alikuwa hajacheka na mtu tangu msiba.

Simu ikaita. Akasogeza hedifoni ikaachia sikio moja, akapokea. Alikuwa Salma, shoga yake wa utotoni.

"We Mwajabu, una mgeni? Nani huyo anacheka?"

"Si ni mwenza wangu wa kwenye gemu."

"Kwani hujavaa hedifoni?"

"Nimevaa."

"Sasa mie namsikiaje?"

Mwajabu akavua hedifoni. Akaiweka chini.

Kicheko kiliendelea.

Kilikuwa pale sebuleni. Karibu. Upande wake wa kushoto, mto wa kochi ulikuwa umebonyea. Akautazama. Ukabonyea zaidi.

"Nenda kwenu," akanong'ona.

"Umenikaribisha mwenyewe."

Alitoka mbio, kanga moja, miguu mitupu. Bodaboda wa kwanza aliyemwona alimfikisha Tabata kwa kina Salma, hata bei hakuuliza.

Bi Rukaiya, mama yake Salma, alikuwa jikoni. Mwajabu alimwamkia shikamoo kwa mbali, akapitiliza chumbani kwa Salma, akafunga mlango na kumwaga yote. Alichotaka ni kimoja tu, kulala mahali ambapo kitu kile hakipo. Salma akamshika mkono, akamwambia hapa ni kwenu, utakaa hata mwaka.

Bi Rukaiya akaingia na sinia.

"Mbona mnajifungia, mwenzenu mmemwacha kibarazani? Nimempelekea chakula chake."

"Mwenzetu yupi, mama?"

"Si huyo aliyekuja na Mwajabu. Kateremka naye kwenye bodaboda."

Wakatoka wote. Hapakuwa na mtu. Juu ya benchi sahani ilikuwa tupu, imelambwa ikang'aa.

Mwajabu hajarudi Chanika. Majuzi jirani mmoja alimpa pole kwa upweke wake, mtoto wa pekee, mama hana. Mwajabu akamtazama sana.

"Upweke?" akasema. "Ningeupata wapi sasa?"

Lile benchi la kibarazani wamelikwangua na kulipaka rangi upya. Hata jua liwe kali vipi, upande ule uliokuwa na sahani haukauki.