Mchina Aliyemlisha Kiprugut

"Mtaje jina," Jerop alisema, akasimama kando ya barabara.

"Nimtaje nani?"

"Huyo Mchina aliyekulisha kule Malaya, vitani. Mwanamume hazunguki Nairobi nzima akitafuta chakula cha Wachina kama hakuna mwanamke ndani yake."

Kiprugut alivua kofia yake ya jeshi la Keya, akajifuta jasho. Walikuwa wamepita hoteli mbili za Wachina. Katika ile ya kwanza bawabu, Mwafrika mwenzao, aliwazuia mlangoni: "Hapa Wazungu tu, ndugu. Usinitafutie maneno." Ya pili iliwakaribisha, lakini bei iliyobandikwa dirishani ingemeza nauli yao ya gari moshi.

"Jerop, hakuna mwanamke."

"Micah ameniambia. Mlikuwa naye vitani. Anasema kila jioni ulikuwa kwa Mchina."

"Kwa mzee na mkewe! Walikuwa na hoteli ya mabati karibu na kambi. Hilo Micah hakukuambia?"

"Basi mbona umerudi umebadilika? Unataka nikae nawe mezani, tule sahani moja, mama yako akitazama. Kwetu nani anafanya hivyo? Juzi ameniuliza kama nimekuwekea dawa. Mimi, Kiprugut! Ananiita mchawi kwa sababu yako. Kesho gari likifika Gilgil, wewe shuka uende Kariandusi kwa mama yako na machimbo yako. Mimi naendelea mpaka Molo, narudi kwa baba Kuresoi."

Kiprugut hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimshika mkono akamwingiza sokoni. Huko walimwona mzee wa Kichina akichagua samaki, akiwanusa mmoja mmoja na kuwarudisha.

"Huyo ndiye tunayemtafuta. Mpishi asiyemwamini muuza samaki anapika vizuri. Tumfuate."

"Kama wezi?"

"Kama watu wenye njaa."

Walimfuata mpaka nyuma ya gereji za magari. Palikuwa na chumba kidogo, bila kibao, meza tatu. Mafundi wawili wa Kichina walikuwa wameinamia bakuli zao.

"Wachina wenyewe wanakula hapa," Kiprugut alinong'ona, akaingia. "Mzee, tunataka chakula chenu, si kile cha Wazungu. Na kiwe cha bei ya mtu wa machimbo."

Mzee alicheka. "Hapa hakuna Mzungu. Kaeni."

Akaleta wali na samaki mzima aliyepikwa kwa tangawizi, akaweka katikati yao. Jerop aligeuza uso ukutani, kama alivyozoea nyumbani, akisubiri mumewe amalize kwanza.

"Usitazame ukuta," Kiprugut alisema. "Tazama pale."

Mlangoni mwa jikoni yule mzee alikuwa ameketi na mkewe, mama mwenye mvi. Kwa vijiti vyake alichomoa nyama ya shavu la samaki, akaiweka katika bakuli la mkewe. Mama yule hakushukuru. Alikula, kisha akamgombeza kwa lugha yao, na mzee akacheka.

"Hayo ndiyo niliyokuwa nayatazama Malaya kila jioni," Kiprugut alisema. "Nikawaza, mimi nimeoa, na sijawahi kumwona mke wangu akitafuna."

Jerop aliendelea kuwatazama wale wazee. Mafundi walimaliza, wakaondoka.

"Mbona hukuniambia hivyo?"

"Ningeanzaje? Mama amekaa pale pale."

Jerop alimega nyama ya tumboni, ile nono, akaiweka upande wa mumewe. Kisha akamega yake, akatafuna akimtazama machoni.

"Umeniona sasa? Lakini mama yako utamwambia wewe. Mimi nimechoka kuitwa mchawi."

Kesho yake gari lilipofika Gilgil, Jerop alishuka wa kwanza, tangawizi aliyopewa na yule mzee ikiwa imefungwa kwenye leso yake.

Jioni mama mkwe aliangalia meza, akamgeukia Jerop.

"Sahani ya mume wako ni hiyo. Yako iko wapi?"

Kiprugut alijibu kabla mkewe hajafungua mdomo. "Ni hii hii, mama. Mimi ndiye nimetaka. Jerop hajaniwekea dawa yoyote, na usimwambie hivyo tena."

Mama alisonya, akabeba kigoda chake akatoka nje. Walimsikia akikiweka chini, karibu sana na mlango.

"Hicho kinachonukia ni nini?"

"Ni tangawizi, mama," Jerop alisema, mdomo umejaa.

Kigoda kilisogezwa karibu zaidi.

"Basi mnibakizie."