Neno la Kutambuana

Jumanne saa moja na robo jioni, umeme ukiwa umekatika, rafiki yangu, fundi cherehani, alimpelekea mama yake gauni. Wakiwa wamekaa pamoja gizani, simu ya mama ikalia.

"Mama, nitajie namba yako ya siri ya benki, upesi!"

Sauti iliyotoka simuni ilikuwa ya rafiki yangu mwenyewe.

"We mtoto, kama uko huko," mama aliuliza kwa kunong'ona, "huyu niliyekaa naye ni nani?"

Ilibidi ampapase uso bintiye ndipo akate simu.

Asubuhi wakafungia simu zao kabatini, wakatoka kwenda uani, na rafiki yangu akamnong'oneza mama neno la kutambuana. Waliporudi, walikuta ujumbe wa sauti kwenye simu ya mama. Mama akaufungua. Mtu alikuwa akilinong'ona neno lile lile, polepole.