Watano Kwenye Kiti Kimoja

Siku ya kwanza, mlango ulifunguka kabla Tulinagwe hajagusisha kadi yake. Alisimama, kadi mkononi, akautazama ukisogea taratibu kama vile aliyeko ndani amechoka kumngoja. Ndani hamkuwa na mtu. Kulikuwa na seva tu, kasha jeusi likiunguruma juu ya meza, na harufu ya nywele zilizoungua.

Seva yenyewe, tuseme ukweli, ilikuwa inaonewa. Mzee Abdulrahim, mwenye yadi ya malori hapo Tunduma, aliinunua mwaka 2011 ishughulikie barua pepe. Basi. Kisha akaibebesha vibali vya mizigo ya Zambia. Kisha kamera za yadi na ofisi. Kisha mafaili ya madereva. Mwisho kabisa, kufuli za milango. Na kila mara Tulinagwe, fundi wake, binti wa kata ya Isansa asiyejua kunyamaza, alimpinga mbele za watu.

"Mzee, hizi kazi hazifai kukaa pamoja. Moja ikiugua, zote zimeugua. Tuzitenganishe."

"Binti, lori moja linabeba kontena, jiko la dereva, na dereva mwenyewe. Umewahi kulisikia likilalamika?"

Ofisi nzima ikacheka. Ukiwa na hoja na mwenzako ana yadi, nani atashinda?

Jumatano, dereva Watson, Mzambia asiyesahau "mukwai" yake ya heshima, alirudi kutoka mpakani amekunja uso.

"Dada, wa ng'ambo wamenirudisha, mukwai. Wanauliza hawa watu wako wapi kwenye lori."

Tulinagwe akakichukua kibali. Palipotakiwa kuandikwa saruji, paliandikwa: *Watano. Hawana pa kukaa.*

Akakimbilia kwenye kamera. Picha ya chumba cha seva ilionyesha vivuli vitano vimepakatana juu ya lile kasha, magoti juu ya magoti, na vyote vilikuwa vimeinua nyuso kuitazama kamera.

Ijumaa, baada ya swala, Mzee, aliyekwisha kuonyeshwa picha ile, alimleta Bi Mwanamvita, mganga aliyehamia mjini hapo kutoka Tanga miaka mingi iliyopita. Bibi akaingia na chetezo chake pamoja na Tulinagwe. Mzee akabaki kwenye korido, eti moshi unamsumbua kifua.

Mlango ukajifunga. Kufuli ikalia: *ta*.

Tulinagwe akagusisha kadi. Taa nyekundu. Akagusisha tena. Nyekundu.

"Zima hiyo mashine!" Mzee alinong'ona kupitia ufa wa mlango.

"Nikiizima, kufuli haifunguki kabisa. Nilikwambia, Mzee."

"Na ufunguo wa kawaida?"

"Si uliving'oa vitasa mwenyewe, ukasema seva inatosha?"

Dirisha halikuwepo. Bi Mwanamvita akafukiza udi, akauliza kwa upole waliomo ni akina nani, na feni ya seva ikapunguza mwendo, na ndani ya mvumo wake ikatoka sauti, halafu sauti ndani ya sauti, wanaume na wanawake wakihema kama watu waliojazana kwenye kisima kikavu, wakisema kwamba kila kazi ilipoongezwa njia mpya ilifunguliwa, na kwa kila njia mmoja wao aliingia, na sasa wamebanana hata wa kwanza hawezi kutoka bila kumkanyaga wa mwisho.

"Wanataka viti," Bibi akasema. Kiti ndivyo waganga wanavyouita mwili anaoukalia jini. "Kila mmoja na chake. Ahidi mashine tano, watufungulie."

"Tano!" Mzee alisahau kunong'ona. "Waambie mbili."

"Abdulrahim, hawa si wachuuzi wa vitenge."

"Mzee, nakuomba," Tulinagwe alisema, paji la uso limegandana na mlango. "Sema tano tu. Mimi ndiye niliyemo humu."

"Tatu! Wabanane kidogo, wamezoea. Tatu, neno la mwisho."

Feni ikasimama. Udi ukaacha kupanda, ukalala sakafuni.

"Wamekubali," Bibi akasema.

"Si nilijua! Jumatatu naagiza mbili za kuongezea."

"Hawangoji Jumatatu." Alimgeukia Tulinagwe, macho yamejaa machozi. "Mwanangu, wamehesabu. Mashine, mimi, wewe. Viti vitatu vimo humu humu."

Tulinagwe akapiga mlango kwa ngumi, kwa kiwiko, kwa bega, huku nyuma yake chetezo kikianguka na Bibi akianza kucheka kwa sauti ya kiume, na shingoni mwa Tulinagwe mwenyewe kukipanda ubaridi ukifuatwa na uzito, kama mtu anayekalia mabegani, na kabla hajatulia, akaja wa pili.

Taa ikawa kijani. Mzee akafungua, akitabasamu kwa woga.

"Haya, mmetoka salama. Tatu hazikutosha?"

Jibu Tulinagwe alikuwa nalo, tena kali. Akafungua kinywa, na humo ndani wawili wakaanza kugombana nani aseme kwanza.